Bega limepona, sasa upinde wa pauni ngapi?

"Nina miaka 52. Mwaka jana nilichanika kano ya bega la kulia, la mkono ninaovutia upote. Nikafanyiwa upasuaji, na sasa ni miezi tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwinda kwa rikavu, upinde wenye ncha zinazopinda kwenda mbele, ya pauni 55. Wiki iliyopita niliuvuta upinde huo huo mara tatu na bega halikuuma. Msimu wa kuwinda unafunguliwa baada ya miezi minne. Rafiki mmoja ananishauri nishuke hadi 45, mwingine anasema chini ya 50 ni kumtesa mnyama bure. Nifuate lipi?"

Ndugu yangu, pole kwa bega, na hongera kwa kuvumilia karibu miezi tisa bila kugusa kitu unachokipenda. Nianze na jibu lenyewe ili usilitafute. Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningekuandalia upinde wa pauni 40 hadi 42, yaani kilo 18 hadi 19 za nguvu ya kuuvuta, si uzito wa upinde wenyewe, zikipimwa kwenye urefu unaovuta wewe leo na si kwenye urefu ulioandikwa kwenye upinde. Ningekuruhusu uende nao kuwinda kwa sharti la kufaulu mtihani nitakaoueleza hapa chini. Ukifeli, msimu huu upite. Ule wa 55 uvue upote, uuweke mbali, usiuguse hata kwa kuujaribu.

Kuvuta mara tatu bila maumivu hakukunipa moyo. Kumenitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Msuli na kano haviponi kwa mwendo mmoja. Msuli uliolala miezi kadhaa hurudisha nguvu zake ndani ya wiki chache za mazoezi, hasa kwa mtu aliyevuta upinde miaka mingi, kwa sababu mwili unaikumbuka kazi. Kano iliyoshonwa kwenye mfupa inahitaji takriban miezi mitatu kabla ya kustahimili mazoezi ya nguvu, na huendelea kukomaa polepole kwa muda mrefu baada ya hapo, mwaka na zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi, na wewe uko ndani yake, ambapo msuli wenye nguvu ya zamani unavuta kano ambayo bado ni changa. Wakati wa kuvuta hutahisi chochote. Bega la namna hiyo husema usiku, ukililalia, au kesho yake ukinyoosha mkono kuchukua kitu rafuni.

Mimi nafundisha upinde na kuzitengeneza pinde zenyewe, si daktari. Ruhusa ya kuanza kuvuta inatoka kwa aliyekupasua au kwa mtaalamu wako wa fiziotherapia, ambaye anajua kano ipi ilichanika na ilishonwaje. Mwambie jambo moja ambalo wengi husahau kulisema: upinde wa jadi haupunguzi mzigo mwishoni. Wataalamu wengi wa tiba wameona upinde wa kapi, ule wenye magurudumu, ambao ukishafika mwisho hushusha uzito kwa asilimia 70 hadi 80 au zaidi. Akidhani ndio huo unaouzungumzia, atakuruhusu kitu ambacho hakukusudia. Mpelekee upinde mwepesi kabisa, uuvute mbele yake. Dakika moja ya kuona ina thamani kuliko maelezo yako yote.

Sasa tuangalie bega lenyewe linavyofanya kazi ukivuta, maana hapo ndipo idadi ya pauni inapotoka. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe kisicho na kina. Kinachokizuia kisiteleze ni misuli minne midogo inayokizunguka, na kano ya ule wa juu, ambayo ndiyo huchanika mara nyingi zaidi, hupita kwenye uwazi mwembamba chini ya mfupa wa paa la bega. Kazi ya kuvuta inatakiwa ifanywe na misuli mikubwa ya mgongo, ile inayosogeza bapa la bega kuelekea uti wa mgongo. Ile minne midogo kazi yake ni kushikilia tu. Uzito ukizidi uwezo wa mgongo, mwili hutafuta njia ya mkato: bega linapanda kuelekea sikioni, kiwiko kinashuka au kinatoka nje ya mstari, na ule uwazi mwembamba unabanwa kano ikiwa ndani. Mtu huyo huyo, upinde huo huo, inchi mbili za bega kupanda zinatosha kubadilisha zoezi kuwa jeraha.

Hili huwezi kulihisi, unapaswa kuliona. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka nyuma, umevua shati, ukivuta upinde wa pauni 25, kisha 35, kisha 40. Angalia umbali kati ya bega na ndewe ya sikio. Pale ambapo umbali huo unaanza kupungua kabla upote haujafika usoni, ndipo uwezo wako wa leo ulipoishia, hata kama unaweza kuburuta pauni 15 nyingine juu yake. Ninaowafundisha hushtuka wakiona video hiyo. Mtu anaapa kwamba anavuta vizuri, na kwenye picha kichwa kimezama mabegani.

Kwa njia, miili inaweka kumbukumbu ya haya mambo. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545, na ilipoinuliwa mwaka 1982 ilikuwa na pinde ndefu ambazo watafiti wamezikadiria kati ya pauni 100 na 185. Katika mifupa ya mabaharia na askari waliokuwamo, watafiti walikuta mara nyingi kuliko kawaida kipande cha mfupa wa paa la bega ambacho hakikuungana kama kinavyoungana kwa watu wengi, na wakakihusisha na kuvuta pinde nzito tangu ujanani. Hao walikuwa vijana walioanza utotoni. Wewe na mimi tusijipime nao.

Kabla ya mtihani, pima upinde. Kwenye bawa, yaani ile sehemu inayopinda juu au chini ya mshikio, kuna maandishi kama 45# @ 28". Maana yake ni pauni 45 upote ukivutwa hadi inchi 28. Watu wengi hawavuti inchi 28, na baada ya upasuaji wa bega karibu kila mtu huvuta kidogo kuliko zamani, kwa bega kukakamaa au kwa woga ambao hata mwenyewe haujui. Kwa pinde za ukubwa huu, kila inchi inayopungua karibu na mwisho huondoa takriban pauni mbili hadi tatu. Upinde wako wa 55, ukiuvuta hadi inchi 26 na nusu, ni kama 51 tu mkononi. Huenda ndiyo sababu ulionekana mpole.

Chukua mshale mrefu, uvute upinde mwepesi hadi mkono utue mahali pake pa siku zote pembeni mwa mdomo, na mtu mwingine atie alama kwenye mshale pale unapopita upande wa mbele wa upinde. Hiyo ndiyo inchi yako. Kisha ning'iniza upinde unaotaka kuutumia kwenye mizani ya ndoano kwa upote wake, uvute chini hadi alama ile ile, usome. Ukishapata namba hiyo, sahau maandishi ya kwenye bawa. Rudia kipimo cha mshale kila mwezi, kwa sababu bega likilegea utaongeza nusu inchi bila kujua, na upinde utakuwa mzito zaidi ingawa hujaubadilisha.

Mtihani wenyewe ni huu. Keti kwenye kigoda kifupi, miguu imekanyaga, upinde umelala mapajani, mshale umepachikwa, na shabaha iko mbele yako. Usipashe mwili joto. Inua mkono wa upinde hadi usawa wa shabaha, usiupitishe hapo, kisha vuta kwa mstari mmoja hadi usoni. Hesabu polepole hadi kumi. Ukifika kumi usiachie. Rudisha upote taratibu hadi mwanzo, mshale usirukeruke, mkono usitetemeke. Pumzika nusu dakika. Fanya hivyo mara tano. Kisha piga mshale mmoja, wa sita, na uone umeingia wapi.

Kila kipande cha mtihani huu kina sababu yake. Kigoda kinakunyang'anya nguvu za miguu na nyonga ambazo huzificha kasoro za bega ukisimama. Kutopasha mwili ni kwa sababu mwindaji hukaa saa mbili au tatu akiwa kimya, baridi imemwingia, halafu anatakiwa avute mara moja bila maandalizi. Bega lako litafanya kazi ngumu kuliko zote likiwa katika hali mbaya kuliko zote. Kuanzia usawa wa shabaha ni kwa sababu wale wanaoelekeza upinde mbinguni kisha kuushusha huku wakivuta wanapitisha bega pale pale panapobana, na isitoshe mnyama anauona mkono ukipaa. Sekunde kumi ni kwa ajili ya mnyama anayesimama na kichaka kikiwa kimefunika mbavu, akusubirishe.

Kurudisha upote taratibu ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Unapovuta, msuli unajifupisha. Unaporudisha, msuli unarefuka huku umebeba mzigo ule ule, na hapo kano huchukua mzigo kwa namna inayofichua udhaifu haraka. Mtu asiyeweza kurudisha upinde kwa utulivu hana mamlaka juu ya upinde huo. Akishavuta, hana njia nyingine ila kuachia. Porini hiyo ni hatari kwa mnyama, kwa sababu atapiga hata pale ambapo hakupaswa kupiga. Wala usije ukaachia upote mtupu bila mshale ili kuokoa bega. Utavunja upinde, na huenda vipande vikakurudia usoni.

Matokeo ya mtihani hayatoki siku hiyo. Subiri usiku na siku inayofuata. Maumivu yakidumu zaidi ya saa 24, au ukiamka usiku kwa sababu umelalia upande ule, uzito huo umeufeli, hata kama mishale yote iliingia katikati. Usinywe dawa ya maumivu kabla ya kuvuta ili ufaulu. Umekizima kipimo pekee ulicho nacho. Na mshale wa sita ukianguka chini ya shabaha kuliko kawaida yako, mara nyingi ni dalili kwamba bega limenywea kabla ya kuachia, ukapoteza nusu inchi ya mvuto.

Nimekuelekeza 40 hadi 42 na si 45 kwa sababu mwindaji asiye na jeraha mwenye uwezo wa kuburuta pauni 55, mimi humwambia awinde na kama 48 au 50. Wewe una kano ya miezi tisa, na kwa mtu wa namna hiyo huwa nashuka zaidi. Si sheria ya fizikia, ni uamuzi wangu kutokana na kuona watu wanaorudi. Ukifaulu mtihani kwa 45 bila shida yoyote, sitakuzuia. Nitashangaa tu, na nitataka kuiona ile video.

Sasa kwa yule rafiki yako wa pili. Hoja yake si ya kupuuzwa, kwa sababu mnyama hana kosa na bega lako. Lakini amekosea pa kuiweka. Mshale hauui kwa kishindo. Risasi ya bastola ya milimita 9 hubeba takriban jouli 500. Mshale wa gramu 36 kutoka upinde wa pauni 55, ukienda mita 51 kwa sekunde, hubeba kama 47. Mshale wa gramu 29 kutoka upinde wa pauni 40, ukienda mita 47 kwa sekunde, hubeba kama 32. Ndiyo, umepoteza karibu theluthi moja, lakini hata ile 47 ya zamani ilikuwa ndogo mno kuua kwa nguvu. Mshale huua kwa kukata: kigumba chenye makali kinapita mapafuni, mishipa inafunguka, damu inatoka, mnyama anaanguka. Swali la kujiuliza ni kama kigumba kitapita mbavu zote mbili, kikiwa bado kinakata. Kwa mnyama wa kilo 40 hadi 80, aliyesimama ubavu, upinde wa pauni 40 wenye mshale uliotengenezwa vizuri unatosha kufanya hivyo. Kwa mnyama wa kilo 300 mwenye mfupa mnene, nisingekuruhusu hata ungenibembeleza.

Saxton Pope, daktari wa upasuaji wa Marekani, alijifunza upinde kutoka kwa Ishi, mtu wa kabila la Yahi aliyekutana na ulimwengu wa wageni mwaka 1911. Upinde wa Ishi ulikuwa wa takriban pauni 45, na alikuwa akiulia kulungu. Siri yake ilikuwa kukaribia. Alijua kunyata, alijua kusubiri, na alijua kumwita mnyama aje mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye uwindaji wa upinde methali hiyo ichukue kama ilivyo, kwa magoti na viwiko.

Hebu tupige hesabu ya umbali, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika kuhusu pauni. Mshale wa mita 47 kwa sekunde huchukua takriban sekunde 0.32 kufika mita 15. Ule wa mita 51 kwa sekunde huchukua 0.29. Pauni 15 zote zile, na maumivu yote ya bega, zimekununulia sekunde 0.03. Sasa chukua upinde huo mwepesi, usogee kutoka mita 20 hadi 15: umeokoa zaidi ya sekunde 0.1. Sauti ya upote humfikia mnyama kabla ya mshale kwa vyovyote vile, na aliyeshtuka hujiinamisha ili aruke. Hatua tano za kunyata zinakupa zaidi ya mara tatu ya kile ambacho pauni 15 zinakupa. Kwa hiyo kwa upinde wa 40, weka mpaka wa mita 15 na usiuvuke kwa kishawishi chochote. Kama zamani ulikuwa unapiga mita 25, hiyo 25 imekufa kwa sasa.

Mshale ndio utakaolipa sehemu ya deni lililobaki. Uzito wake kwa uwindaji usishuke chini ya gramu 0.65 kwa kila pauni ya upinde kwenye mvuto wako. Kwa pauni 42 hiyo ni gramu 27, na mimi ningekupandisha hadi 29 au 32. Mshale mzito unaondoka polepole kidogo, lakini unachukua nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye upinde, unapunguza mtikisiko na kelele mkononi, na unaendelea kusukuma baada ya kugusa ngozi. Mtikisiko nao ni habari ya bega: upinde unaopiga mshale mwepesi mno hurudisha nguvu iliyobaki kwenye mkono unaoushika. Weka uzito mwingi mbele, kigumba cha gramu 12 hadi 15, ili mshale uvute mkia wake badala ya kusukumwa nao.

Kigumba kiwe cha makali mawili, chembamba, kirefu, kisicho na sehemu za kufunguka. Vile vinavyojikunjua vikigusa mnyama hutumia nguvu kujifungua, na wewe nguvu hiyo huna ya kugawa. Vya makali matatu au manne vinahitaji msukumo zaidi. Howard Hill, mpiga upinde mashuhuri wa Marekani, alipendelea kigumba chenye urefu mara tatu ya upana, na kwa upinde mwepesi sijaona sababu ya kumbishia. Upana wa milimita 25 hadi 28 unatosha, ila hakikisha kanuni za unapowinda hazitaki zaidi. Kisha noa. Kigumba kipya cha dukani mara nyingi hakijanolewa inavyostahili. Kinapaswa kunyoa nywele za mkono bila kukwaruza. Mtu anayehangaikia pauni tano za upinde huku kigumba chake hakikati karatasi kwa wepesi anapoteza wakati.

Jambo linalosahaulika ni ugumu wa uti wa mshale. Mishale yako ya zamani ilichaguliwa kwa pauni 55. Ukiipachika kwenye upinde wa 42 itakuwa migumu mno, itaondoka mkia ukiwa umekaa upande, na mshale unaoingia umepinda hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ubavuni mwa tundu. Huo ndio upotevu ambao watu huulaumu upinde mwepesi. Jaribu hivi: toa manyoya kwenye mshale mmoja, upige pamoja na mingine yenye manyoya kwa mita 12. Kwa wewe unayevuta kwa mkono wa kulia, usio na manyoya ukiingia kushoto ya mingine, uti ni mgumu mno. Ukiingia kulia, ni laini mno. Kuongeza uzito wa kigumba hulainisha mwenendo wa mshale, hivyo huenda kigumba kizito peke yake kikamaliza tatizo. Kama sivyo, nunua uti laini zaidi. Usijipe moyo kwamba manyoya yataunyoosha njiani. Kwa mita 15 hayana nafasi.

Kuhusu upinde wenyewe, usinunue mpya wa kipande kimoja. Tafuta rikavu ya vipande vitatu, mshikio na mabawa mawili yanayofunguliwa, ikiwezekana ya mfumo wa ILF ambao mabawa ya watengenezaji tofauti huingiliana na bolti zake hukuruhusu kuongeza au kupunguza pauni chache. Anza na mabawa ya 30. Chagua urefu wa inchi 62 hadi 66 hata kama wawindaji wenzako wanapenda pinde fupi za 56 au 58 kwa kuwa hazinasi vichakani. Upinde mfupi hukaza ghafla katika inchi mbili za mwisho, na inchi hizo ndizo ambazo bega lako liko mahali pagumu zaidi. Upinde mrefu huongeza mzigo kwa utaratibu na haubani vidole. Utagombana na matawi, lakini matawi hukatwa.

Miezi yako minne, kama daktari ameridhia, igawe hivi: pauni 30 kwa wiki sita, 35 au 36 kwa wiki sita nyingine, na mwezi wa mwisho ndio wa 40. Hakuna kupanda ngazi bila kufaulu mtihani kwenye ngazi uliyopo, hata kama kalenda inakukimbiza. Siku tatu kwa wiki zinatosha, mishale 15 hadi 20 mizuri, na siku za katikati fanya mazoezi ya mpira wa kuvuta uliyopewa na mtaalamu wako. Ongeza kuvuta na kushikilia upinde wa 30 kwa sekunde 15 bila kupiga, ukiangalia bega lisipande. Zoezi hilo hujenga mgongo kuliko kupiga mishale 60. Vuta pia kwa upande wa kushoto mara chache, mgongo usijengeke upande mmoja. Na kila asubuhi ya mazoezi, mshale wa kwanza upige ukiwa hujajinyoosha, kwa mita 15, kwenye shabaha ya ukubwa wa sahani, na uandike matokeo kwenye daftari. Siku ya kuwinda utapewa mshale huo mmoja. Ikiwa kwenye daftari mishale ya kwanza haiingii sahanini karibu kila siku, ile 19 inayofuata na kuingia vizuri haina maana kwa mnyama.

Kwa wasomaji wengine wenye majeraha tofauti, namba hubadilika. Bega la mkono unaoshika upinde likiwa ndilo lililoumia, mzigo mkubwa ni wa kusukumwa kuingia kwenye kikombe chake, na wengi huvumilia vizuri mradi bega likae chini. Bega lililowahi kuteguka ni habari nyingine, maana kiwiko kikirudi nyuma sana mfupa unaweza kusukumwa kutoka tena mbele. Hapo usiguse upinde bila mtaalamu. Maumivu ya nje ya kiwiko mara nyingi hutokana na kuvuta kwa vidole vilivyokazwa na kifundo cha mkono kilichopinda. Upote ukiingia ndani zaidi, kwenye kiungo cha kwanza cha vidole, na mgongo wa kiganja ukanyooka, huenda usihitaji kupunguza pauni nyingi.

Iwapo miezi minne ikiisha na umeishia 35, zipo njia mbili za heshima. Moja ni upinde wa kapi: wa pauni 45 uliowekwa sawasawa huweza kutoa nguvu kuliko rikavu yako ya 55, na ukifika mwisho unashikilia pauni kumi hivi tu, ingawa kilele chake utakipita katikati ya mvuto na bega litakihisi. Ya pili ni kusubiri. Najua wapenzi wa upinde wa jadi wanavyolitazama lile la kwanza, na mimi mwenyewe sina mapenzi na magurudumu, lakini bega ni lako na chaguo ni lako.

La mwisho ambalo ningelifanya kabla ya kununua chochote ni kusoma kanuni za unapowinda. Nyingi zinaweka kiwango cha chini cha pauni, na hutofautiana kwa mnyama. Alaska, kwa mfano, inataka 40 kwa wanyama kama karibuu (kulungu wa nchi za baridi) na dubu mweusi, na 50 kwa wakubwa kama baisani, yaani nyati wa Amerika. Angalia pia kanuni inapima kwa inchi 28 au kwa mvuto wako mwenyewe, kwa kuwa upinde huo huo unaweza kuwa halali kwa kipimo kimoja na haramu kwa kingine. Ikiwa unapowinda panataka 45 na daftari lako linasema 41, mazungumzo ya msimu huu yameishia hapo. Endelea na mabawa ya 40 hadi mwakani, na hapo mkononi mwako 45 haitakuwa mbali.